GHALA NA MLINZI WAKE

(Hotuba aliyoisoma mwanachama mmoja, karani, mbele ya mkutano wa wanachama. Inatolewa hapa kwa ombi la Halmashauri.)



Najua ya kuwa wengi wenu mmetoka kazini mmechoka, na ya kuwa karani aliyesoma barua za watu mchana kutwa hapendi kusomewa nyingine jioni. Kwa hiyo nitajitahidi kusema yenye maana, na yasiyo na maana nitayaacha nyumbani.

Katika mkutano uliopita lilizuka neno juu ya maghala ya kale ya nafaka yaliyoko mashamba: je, yahifadhiwe, au yaachwe yaanguke? Mzee wetu mmoja, ambaye namheshimu kama baba yangu, alisema hivi: "Ghala lisilo na nafaka ni chungu kilichopasuka. Chungu kilichopasuka hakiwekwi juu ya meza kikatazamwe, hutupwa jalalani." Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani maneno yale hayakuniacha nilale, kwa sababu mimi mwenyewe ni mmoja wa waliotupa chungu, na baadaye nikatambua ya kuwa hakikuwa kimepasuka. Hiyo ndiyo sababu ya kuomba nafasi hii.

Kwetu, tangu kabla sijazaliwa, babu yangu alikuwa na kihenge kikubwa kilichosimama katikati ya nyumba saba za ukoo wetu. Kilisukwa kwa fito, kikakandikwa ndani na nje kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, kikawekwa juu ya magogo yaliyolala juu ya mawe, ili unyevu usipande wala mchwa wasipate njia. Paa lake la nyasi lilikuwa kama kofia: mtu akitaka nafaka, aliliinua upande mmoja kwa mti wenye panda, akaingiza mkono. Kila mavuno, kila nyumba ilileta pishi zake za mtama zikamiminwa humo, mbali na akiba yake yenyewe iliyowekwa nyumbani. Mtama ule haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa mbegu kwa aliyekosa mbegu. Ulikuwa wa mjane, wa mgonjwa asiyeweza kulima, na wa mgeni wa ghafula. Bibi yangu ndiye aliyepima. Hakujua kusoma wala kuandika, bali alikuwa na kibaba chake cha mti, na sikupata kusikia mtu akimshitaki kwamba amepunja.

Babu na bibi walipokwisha kufariki, nami nikiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya misheni, nilirudi likizo na viatu miguuni na maarifa mengi kichwani. Nilimwambia baba yangu mdogo ya kuwa kihenge kile ni aibu mbele ya wageni, ya kuwa ni makao ya panya, na ya kuwa watu walioendelea huweka nafaka katika nyumba ya matofali. Alinisikiliza, kwa kuwa ndimi niliyesoma. Tukakibomoa kwa siku moja, na fito zake zikapikiwa pombe. Tukajenga stoo ya matofali yenye bati na kufuli la chuma. Kila nyumba ikaweka humo magunia yake, na kila gunia likatiwa alama ya mwenyewe. Stoo ilikuwa nzuri, na ni nzuri hata sasa. Lakini ndani yake hapakuwa na mahali pa zile pishi za watu wote. Hakuna aliyezikataza, wala hakuna baraza lililoamua ziachwe, hazikuletwa tu. Mwaka wa tatu mvua zilipokatika mapema, mjane mmoja wa ukoo wetu alikuja na kikapu chake, akasimama pale palipokuwa na kihenge, akauliza, "Kilikwenda wapi?" Nilikuwapo. Sikumjibu.

Mabwana na mabibi, sikuyasimulia hayo ili kulia mbele ya watu wazima. Nimeyasimulia ili tuone ya kuwa kila ghala la watu wengi lina sehemu mbili: kuta zake na kanuni yake. Sisi tuliziondoa kuta, tukidhani ya kuwa kanuni itahamia yenyewe katika nyumba mpya. Haikuhama. Na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta habari za watu wengine waliopatwa na jambo kama hili, nipate kujua walifanya nini. Mimi sikusafiri, niliyoyapata nimeyapata kwa kusoma. Habari zilizonifundisha zaidi ni za Moroko, katika Afrika yetu hii hii, upande wa kaskazini.

Kusini ya Moroko iko milima mirefu iitwayo Atlas, na kusini-magharibi yake iko mingine, mifupi kuliko hiyo, iitwayo Anti-Atlas. Wenyeji wa huko ni Waamazighi, ambao vitabu vingi huwaita Waberberi. Nchi yao ni kavu, na mvua yake haina ahadi: mwaka mwema huja, nao huweza kufuatwa na miaka mibaya. Kwa ajili hiyo watu wale, tangu karne nyingi, walijenga maghala ya kijiji kizima au ya kabila zima. Ghala la namna hii waliliita agadir. Na mji wa bandari wa Agadir, ulioangushwa na tetemeko la ardhi tarehe 29 Februari 1960, ulipata jina lake katika neno hilo hilo.

Tulitazame ghala lenyewe. Aghalabu limejengwa mahali pa juu, juu ya jabali au ukingoni mwa genge, ambapo adui hafiki ila kwa jasho. Katika kijiji cha Amtoudi, upande wa Guelmim, yako mawili, Id Aissa na Aguellouy, na kila moja limekaa juu ya mwamba wake kama tai juu ya mti. Mlango wa kuingilia ni mmoja, nao ni mwembamba. Ukiisha kuingia, waona njia katikati, na huku na huku vyumba vidogo vidogo vilivyopangwa safu juu ya safu. Ngazi hakuna: mawe mapana yametokezwa ukutani, na mtu hupanda kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe mpaka mlangoni pake. Kila nyumba ya kijiji ina chumba chake, na kila chumba kina mlango wa mti, komeo la mti na ufunguo wa mti. Chini ya milango mingine limeachwa tundu dogo la paka kupita, kwa sababu kazi ya kuwalinda wenye ghala na panya alipewa paka, na mtumishi hawezi kufanya kazi ikiwa mlango umefungwa.

Ndani waliweka shayiri kwanza, kisha tende, lozi, asali, na mafuta ya mti wa argani. Tena waliweka vile ambavyo mtu hataki kuvilaza nyumbani mwake: vito vya wanawake, hati za mashamba na hati za ndoa. Basi ghala lile lilikuwa stoo, na benki, na ofisi ya kumbukumbu, yote chini ya ufunguo mmoja wa lango.

Na ni nani aliyeshika ufunguo wa lango? Hapa ndipo napenda makarani wenzangu wanisikilize. Mlinzi wa lango huitwa lamin. Neno hilo ni la Kiarabu, al-amin, nalo ni ndugu wa maneno tunayoyatumia sisi kila siku: amini, amana, uaminifu. Lamin aliwekwa na wenye ghala, akakaa langoni, akawafungulia wenyewe na kuwafungia wengine, na ujira wake ulitoka katika nafaka ya wale aliowalinda. Hakuwa mkubwa wa ghala, wala shayiri haikuwa yake. Alikuwa mtu wa kuaminiwa, na kazi yake yote ilikuwa jina lake.

Wala hakuachwa afanye apendavyo. Ghala lilikuwa na kanuni zilizoandikwa, na maandiko hayo waliyaita luh, ndiyo lauhi katika Kiswahili, yaani ubao, maana desturi ya zamani ilikuwa kuziandika juu ya ubao wa mti. Kanuni zilieleza wajibu wa mlinzi na ujira wake. Zilitaja faini ya mwizi, na faini ya mtu aletaye ugomvi ndani ya ghala. Zilieleza pia jinsi gharama ya kutengeneza jengo itakavyogawanywa. Wazee waliochaguliwa ndio waliozisimamia. Ubao huo ulikuwa ndani ya ghala, karibu na shayiri yenyewe. Na kwa maoni yangu hapo palikuwa mahali pake hasa, kwa kuwa shayiri bila kanuni ingalikuwa mali ya mwenye nguvu.

Sasa labda mtu ataniuliza: ikiwa mambo yalikuwa mazuri hivyo, mbona maghala hayo yaliachwa? Hayakuachwa kwa uvivu. Mwaka 1912 Moroko iliwekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa, na mwaka 1934 mapigano yalikwisha katika Anti-Atlas. Hofu ya kuvamiwa ilipopungua, watu waliona hakuna haja ya kupanda jabali ili kuchukua kikapu cha shayiri. Wakaweka nafaka nyumbani. Kisha vijana wakahama, wengine kwenda miji ya pwani, wengine ng'ambo kufanya kazi Ufaransa, wakaleta fedha mahali pa mavuno. Njia za magari zilifika, na unga wa dukani ukafika pamoja nazo. Mlinzi hakupata tena ujira wake. Na siku mlinzi aliposhuka, mvua ilipanda. Paa la udongo hutaka kushindiliwa na kuzibwa kila mara. Likiachwa, maji hupenya, boriti huoza, na dari huanguka juu ya dari ya chini yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko, hata ukuta haukujengwa. Milango ya mti yenye nakshi iling'olewa ikauzwa kwa wafanya biashara wa vitu vya kale, ikaenda kupamba nyumba za watu wasiojua hata jina la kijiji.

Hata hivyo walikuwapo watu waliotangulia kuandika. Karibu na mwaka 1930 Mfaransa mmoja, Robert Montagne, alitoa maandiko yake juu ya agadir ya watu waitwao Ikounka. Na mwaka 1951 bibi mmoja, Djinn Jacques-Meunié, alitoa kitabu kikubwa juu ya maghala hayo. Walipokuwa wakiandika, mengine yalikuwa bado na shayiri ndani na lamin langoni. Mtu aweza kusema walikuwa wageni, na ya kuwa waliandika kwa ajili ya wenzao, nami sitambishia. Lakini natuulize sisi wenyeji: kwa nini mgeni ndiye aliyekuwa na daftari?

Katika miaka hii ya karibuni amesimama mwenyeji. Yuko bibi mmoja wa Moroko, Salima Naji, msanifu wa majengo na mtaalamu wa mila za watu, ambaye mwaka 2006 alitoa kitabu juu ya maghala ya pamoja ya Atlas. Hakuishia kuandika, alipanda majabali akayatengeneza maghala kadha wa kadha, hata yale ya Amtoudi, pamoja na mafundi na watu wa vijiji vyenyewe. Njia yake ina mafundisho ambayo twaweza kuyachukua bila kulipa ushuru.

Fundisho la kwanza ni kutumia vitu vile vile vilivyojenga: jiwe la hapo, udongo wa hapo, mti wa hapo. Watu wengi wakiona ukuta wa udongo umepasuka hukimbilia saruji, wakidhani wanauheshimu. Kumbe ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa, kama ngozi itoavyo jasho. Ukiupaka saruji, unyevu ulioko ndani hukosa njia ya kutoka. Udongo hulainika nyuma ya saruji, na siku moja gamba huanguka pamoja na nyama yake. Tiba ya namna hiyo ni ugonjwa wa pili.

Fundisho la pili ni kuanza na paa na mifereji ya maji, si mapambo. Ukuta uliokauka waweza kungoja. Ukuta uliolowa haungoji.

Fundisho la tatu ndilo kubwa: jengo lisitengwe na wenyewe. Kazi ikifanywa na watu wa kijiji, chini ya fundi wa kijiji, ujuzi hubaki pale pale, na mwaka ujao ufa ukitokea hakuna haja ya kungoja mgeni. Tena ghala hurudi kuwa lao. Likitengenezwa na watu wa mbali kwa fedha za mbali, wenyeji hulitazama kama boma la mtu mwingine, na ufa wa kwanza utangoja bajeti.

Ili tuone tofauti, tuvuke mpaka mpaka Tunisia, kusini yake, penye maghala ya namna hiyo yaitwayo ksar, yenye vyumba vya kuba viitwavyo ghorfa. Lile la Ouled Soltane limesimama imara, vyumba vyake vimepandana hata orofa 4, na watu wa hapo hukusanyika katika ua wake siku za sherehe. Lile la Hadada lilikwenda njia nyingine: sehemu yake iligeuzwa hoteli, na mwaka 1997 Wamarekani walipigia hapo sehemu ya sinema yao ya Star Wars iliyotoka mwaka 1999. Siwalaumu, jengo lililofanywa hoteli ni bora kuliko kifusi, na mgeni huacha senti. Lakini mtalii aingiapo katika chumba kile akiutafuta ulimwengu wa sinema, haulizi nafaka ilikuwa ya nani, ilipimwa kwa nini, wala nani alishika ufunguo. Kuta zimepona, kanuni imekufa. Na mimi nimekwisha kuwaeleza jinsi kanuni ilivyokufa kwetu, hata tukiwa na stoo nzuri yenye bati.

Najua ya kuwa ziko hoja juu ya haya, na si uungwana kuzikwepa.

Hoja ya kwanza: majengo ya udongo ni hatari. Tarehe 8 Septemba 2023 tetemeko kubwa liliipiga milima ya Atlas, na watu karibu 3,000 walikufa, wengi wao katika vijiji vya nyumba za udongo na mawe. Msiba huo haufai kupunguzwa kwa maneno. Lakini nyumba ya saruji iliyojengwa vibaya nayo huua, na Agadir ya mwaka 1960 ni shahidi, maana majengo mengi ya mji mpya yaliyoanguka pale hayakuwa ya udongo. Ufundi mbaya ndio adui, na dawa yake ni kulitengeneza jengo la kale kwa ujuzi na kulikagua, kuliko kuliacha lilegee mpaka lianguke lenyewe.

Hoja ya pili wataileta mabwana shamba, nayo ina nguvu hapa kwetu. Katika miaka ya mwisho ya 1970 aliingia Tanzania mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati, akatambuliwa kwanza upande wa Tabora. Jina lake ni dumuzi, na wakulima wengine walimwita Scania, kama lori, kwa jinsi alivyobomoa mahindi. Hutoboa mahindi yaliyo katika magunzi, hutoboa muhogo mkavu, hata mti wenyewe hutoboa. Basi kihenge cha fito kwake ni chakula na nyumba kwa pamoja. Wataalamu waliwashauri wakulima wapukuchue mahindi na kuyachanganya na dawa ya unga, na wakulima wengi walifuata shauri hilo, na walikuwa na haki. Mimi siji hapa kuwaambia mrudishe mahindi yenu katika vihenge vya babu zenu yaliwe na dumuzi. Nafaka na ikae mahali palipo salama. Neno langu ni hili: tunapoihamisha nafaka, tuihamishe na kanuni yake, na nyumba ya kale, ikiwa bado imesimama, isibomolewe kabla haijatufundisha.

Hoja ya tatu: haya ni kazi ya Serikali. Naam, kwa sehemu. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Lakini sisi tusomao sheria kwa kazi twajua ya kuwa mpaka wake kwa majengo ni mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya mwaka huo huhitaji kutangazwa ndipo yapate ulinzi. Kihenge cha fito na udongo hakiishi miaka hiyo yote. Uhai wake ni kufanywa upya: paa mwaka huu, fito mwaka ujao, kwa mkono wa baba kisha kwa mkono wa mwana. Sheria yaweza kulinda jiwe lililokaa. Haiwezi kushika udongo wa kukandika. Mkono huo ni wetu.

Tena angalieni jambo moja la ajabu katika lugha yetu. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulianzishwa mwaka 2008, na yale maghala yake marefu ya chuma, ya mviringo, yang'aayo juani, watu wameyaita nini? Vihenge vya kisasa. Tulibomoa kihenge, tukalihifadhi jina, na jina likakaa kimya likingoja, mpaka nchi ilipotaka kuweka akiba yake likaitwa likaja. Vile vile tunao mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekewa sheria mwaka 2005: mkulima huweka mazao yake katika ghala lenye leseni, akapewa karatasi ya kuonyesha mali yake. Karatasi ile ni nini, kama si ufunguo wa mti wa yule Mwamazighi? Na inategemea nini, kama si lamin? Akiwa mtunza ghala ni mwaminifu, karatasi ni mali. Asipokuwa mwaminifu, mali ni karatasi.

Sasa nimjibu mzee wangu juu ya chungu. Mzee, ulisema kweli: chungu kilichopasuka hutupwa. Lakini mfinyanzi hakitupi kabla hajakitazama, maana akipoteza umbo lake, hatajua kufinyanga kingine. Maghala yaliyosalia mashamba ni umbo. Ndani yake mna kipimo, mna haki ya mjane, mna majina ya waliotoa na desturi ya kutoa. Wako bado wazee na mabibi wanaoyajua hayo, na kila mwaka twarudishiwa barua ya msiba ya mmoja wao.

Basi naomba kutoa shauri mbele ya Chama, tena si la gharama. Sisi ni watu wa kalamu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwanachama aendaye likizo kwao na achukue daftari moja. Likiwapo ghala la kale au kihenge cha ukoo, apime urefu wake na mzunguko wake, achore umbo lake, aandike kila kitu kilichojenga na mahali kilipotoka. Kisha aulize: nani aliweka? Nani alipima, na kwa kipimo gani? Nani alikuwa na haki ya kuomba? Mwizi alifanywaje? Majibu ayaandike kwa maneno ya mwenye kujibu, bila kuyapamba. Kama paa limevuja, na achange nyasi na siku moja ya kazi pamoja na ndugu zake kabla hajachanga bia. Na nakala moja ya daftari ibaki kijijini, katika mkono wa mtu anayekaa pale, ya pili iletwe kwa Katibu wetu ihifadhiwe. Tusiwe kama wale waliong'oa milango wakaipeleka mbali.

Na liko neno moja la mwisho, nalo latuhusu sisi zaidi ya maghala. Yule lamin alikaa langoni penye mali isiyo yake. Sisi nasi, katika ofisi zetu, tunashika funguo za mali isiyo yetu: madaftari ya kodi, hati za mashamba, vyeti vya vizazi na vya ndoa. Ujira wetu watoka katika nafaka ya wale tunaowalinda. Mwananchi hupanda jabali refu kutufikia, wengine kwa miguu, wengine kwa nauli ya kukopa. Tukimwambia "njoo kesho" bila sababu, tumemfungia mlango wa chumba chake mwenyewe. Kuta za ofisi zaweza kuwa imara, na rangi yake mpya. Lakini siku uaminifu utakaposhuka, mvua itapanda.

Mimi kwa upande wangu nimekwisha kumwandikia baba yangu mdogo, kumwomba kona moja ya stoo yetu ya matofali itengwe kwa pishi za watu wote, nami nitatoa za kwanza. Kibaba cha bibi yangu bado kipo. Shangazi yangu anakitumia kupimia mbegu. Baba mdogo hajanijibu. Sishangai, maana yeye ndiye aliyenisikiliza mara ya kwanza akaona yaliyotokea. Nitakwenda mwenyewe likizo ijayo, na safari hii nitakwenda kuuliza kabla ya kusema.

Akiba haiozi, lakini hutaka mtu wa kuilinda.